Maganda ya Mgomba

Esnath alipostaafu uuguzi alichukua sare zake sita nyeupe, akazikata vipande vya mraba kwa mkasi wa jikoni, akavipanga ndani ya kopo la biskuti. Vilikuwa vitambaa vya kufutia gari. Majirani wa mtaa wa Makandana, mjini Tukuyu, waliosikia habari hiyo walicheka, kisha wakaizoea, kama walivyokwisha kulizoea gari lenyewe: sedani ndefu ya Kimarekani ya mwaka 1958, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, yenye mapezi mawili nyuma kama ya samaki. Walilipachika jina la mtu. "Mmarekani ameamka," walisema kila Jumamosi asubuhi, injini ilipounguruma nyuma ya ua na mvua ikiwa imepumzika kidogo.

Gari lilikuwa la baba yake, Nsajigwa, karani wa kiwanda cha chai, aliyeuziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nsajigwa alipofariki mwaka 1994, kuku walianza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Matanga yalipoisha, Esnath aliingia bandani na ndoo ya maji ya sabuni. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Hakutoka tena, kwa namna ya kusema.

Mshirika wake alikuwa fundi Saad, ambaye babu yake alipanda kutoka Kilwa na cherehani moja na kubaki Tukuyu kwa sababu, kama Saad alivyopenda kusema, hakupata siku isiyo na mvua ya kuondokea. Saad alimfundisha kupuliza kabureta kwa pampu ya baiskeli, na kusikiliza valvu kwa ncha ya bisibisi iliyogusishwa mfupa wa nyuma ya sikio. Esnath naye alileta kitu ambacho Saad hakuwa nacho, yaani kitabu cha kiwanda kilichotengeneza gari, kurasa mia mbili na ushee, kilichosafiri miezi mitano katika posta. Kuanzia hapo kitabu ndicho kilichoamua. Kilichokuwemo kitabuni kilitafutwa, hata kwa miaka. Kioo chekundu cha taa ya breki ya kushoto kilitafutwa miaka minne. Kisichokuwemo kiliondolewa. Viraka vya bati, waya za kufungia na misumari iliyofanya kazi ya boliti, vyote vilikwenda jalalani.

Mtu mmoja tu hakuwahi kulipanda tena gari hilo. Mama yake, Tusekile, aliishi naye nyumba moja. Alimletea Saad chai na viazi, akasimama mlangoni mwa banda, akatazama, akarudi jikoni. Esnath alimuuliza mara moja, mwaka ule rangi mpya ilipokauka bila doa:

"Mama, limekuwa kama alivyoliacha baba?"

"Linang'aa," mama alisema.

Esnath alilipokea neno hilo kama mtu anayepokea chenji ya noti isiyokuwa yake. Alikuwa anangoja jingine. Aliendelea kulingoja kwa miaka kumi na sita, bila kuliomba.

Oktoba hii zilikuja habari kutoka Isongole kwamba Elina, mdogo wake Tusekile, amedhoofika, na kuna siku hawatambui wanaomlisha. Esnath alitaka kumwita Fred, mtoto wa kaka yake, aje na Noah yake. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Nitakwenda na gari la Nsajigwa," alisema. "Wewe si ulisema limepona?"

Waliondoka Alhamisi, saa nne. Saad alikaa nyuma na kisanduku cha vifaa miguuni na kofia yake ya kufuma kichwani, amevaa kama mtu anayekwenda kuoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umekuja kusukuma?"

"Mmarekani hasukumwi, mama. Mmarekani anabembelezwa."

"Ndaga," Tusekile alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Tutaona."

Hadi Kiwira gari lilikwenda kama maji yanavyoshuka mferejini. Mama alikaa wima mbele, mikono juu ya mapaja, akitazama migomba na mashamba ya chai yakipita. Esnath alitazama barabara, na kila baada ya kitambo akautazama uso wa mama. Haukumwambia kitu. Alikumbuka safari za utotoni, yeye na kaka yake wakiwa nyuma, na mama akigonga dashibodi kwa vifundo vya vidole, mara mbili, na baba akiegesha. Wakati huo alidhani mama anaogopa mwendo.

Baada ya Kiwira barabara ilianza kupanda, na jua siku hiyo halikuwa na wingu hata moja. Kwenye mpando wa pili injini ilikohoa, ikavuta pumzi fupi fupi, ikanyamaza.

Saad alifungua boneti, akaligusa bomba la petroli, akarudisha mkono upesi.

"Mafuta yanachemka, sista. Bomba limepata moto wa injini, petroli imegeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Hakuna kilichoharibika. Tungoje lipoe."

Walingoja dakika arobaini. Gari liliwaka, likaenda mwendo wa kutoka kanisani hadi sokoni, likazima tena. Wakangoja tena. Bodaboda iliyobeba magunia mawili ya viazi ilishuka ikipunguza mwendo.

"Mama zangu, Mmarekani anaogopa baridi ya Isongole?"

"Pita na viazi vyako, baba," Saad alimjibu, "visije vikaota mgongoni."

Mwenye bodaboda alicheka mpaka kona. Esnath hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa cheupe akifuta taa ya mbele, ambayo haikuwa na vumbi. Saa saba ilikuwa imepita. Huko juu Elina alikuwa kitandani, na hakuna aliyejua leo ni siku ya kutambua watu au ya kutotambua. Aliona waziwazi jambo ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimemwandalia: gari lilikuwa sahihi kila sehemu, na halikuweza kumfikisha mama yake kwa ndugu yake. Alitoa simu.

"Ngoja nimpigie Fred."

Mlango wa mbele ulifunguka. Tusekile alitoka polepole, mguu mmoja, kisha mwingine, akashika ukingo wa boneti iliyoinuliwa na kuinama juu ya injini.

"Mama, rudi kivulini, jua kali."

"Maganda yangu yako wapi?"

Esnath na Saad walitazamana.

"Maganda gani, mama?"

"Ya mgomba. Yalikuwa hapa." Kidole chake, kilichopinda kwa umri, kilifuata bomba kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta bila kuligusa. "Mabichi, yenye maji yake. Nilikuwa nayafunga kila safari ya huku juu. Nikayamwagia maji Kiwira, nikayamwagia tena pale kwenye daraja dogo. Baba yako alishika usukani. Mlima ulikuwa wangu."

Esnath aliyakumbuka. Siku ile ya kwanza, mwaka 1994, alikuta kitu cheusi kilichokauka kimezunguka bomba, kimeshikwa kwa kamba ya mgomba. Alidhani ni kiota cha panya. Alikichana kwa kisu akakitupa jalalani, na baadaye kitabu kilipofika kikamthibitishia, maana katika picha bomba lilikuwa tupu na safi.

"Uliniona nikiyatupa," alisema.

"Nilikuwa pale mlangoni na ungo."

"Kwa nini hukusema, mama?"

Tusekile alifikiri kidogo, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Ulikuwa unasafisha huku unalia. Nikasema, mwache amalize." Akalitazama gari, kutoka taa hadi mapezi. "Basi hukumaliza."

Saad aligeuka kutazama mlima Rungwe, ingawa alikuwa ameuona maisha yake yote.

Chini ya barabara palikuwa na migomba michache, na nyumba. Saad alishuka na panga, na Tusekile akampigia kelele asiguse kitu kabla hajabisha hodi, na aombe mgomba uliokwisha kuzaa. Alirudi na mwenye shamba mwenyewe, mwanamke aitwaye Alinanuswe, aliyebeba kipande cha shina begani na kidumu cha maji mkononi. Alinanuswe alichuchumaa kumwamkia bibi, kisha akainuka akachungulia injini.

"Mnaifunga kama mtoto," alisema.

"Hata mtoto ukimwacha juani atalia," Tusekile alimjibu.

Alibandua maganda moja baada ya jingine, yale ya nje akiyaacha, yale ya ndani yenye vyumba vya maji akiyakunja mara mbili kwa urefu. Aliyazungusha kwenye bomba bila kuacha pengo, akayakaza kwa kamba aliyoichana kwenye jani kavu, fundo likiwa upande wa chini ambako halipati moto. Mikono iliyoshindwa kufunga kifungo asubuhi ilifanya kazi hiyo bila kusita. Esnath, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amefunga vidonda vya watu, alitambua bendeji iliyofungwa na mtu anayejua.

Utomvu ulidondoka juu ya kifuniko cha injini alichokipaka rangi mara tatu. Aliunyooshea kitambaa cheupe. Mama alikipokea, akafutia mikono yake, akamrudishia. Kitambaa kilikuwa na madoa ambayo kufikia jioni yangekuwa ya kahawia, na kila mtu wa Rungwe anajua kwamba utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni yoyote. Esnath alikikunja akakitia mfukoni.

Saad alimwaga maji. Maganda yalifuka mvuke kidogo, kisha yakatulia. Gari liliwaka ufunguo ulipozungushwa mara ya pili.

Walipanda. Kwenye daraja dogo mama aligonga dashibodi mara mbili, Esnath akaegesha, Saad akashuka na kidumu. Migomba ilipungua, yakaja mashamba ya viazi na hewa yenye makali. Mlio wa injini haukubadilika. Tusekile alianza kuzungumza, si kuhusu gari. Alieleza jinsi Elina alivyokuwa akiwasubiri njiani na kikapu kichwani, na jinsi Nsajigwa alivyopiga honi tangu mbali ili amwone akikimbia.

Kona ya mwisho ilifungua bonde, na nyumba ya Elina ikaonekana, bati lake limeshika kutu upande mmoja. Mtu alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, amefunikwa blanketi. Kutoka pale haikuwezekana kujua kama anatazama barabarani.

Zilibaki hatua mia mbili, tambarare. Bomba lilikuwa bado la baridi, halikuhitaji maji.

Mama, macho yakiwa kwa yule wa barazani, akagonga dashibodi mara mbili.

Esnath akaegesha, akashuka, akafungua boneti.