Simu Mbili kwa Waya Mmoja

Kuna kuchoka kwa jembe, ambako ukilala kunaisha. Na kuna kule kwangu mwaka wa tisini na sita, nilikokuwa nikilala nako na kuamka nako.

Nilikuwa nimeolewa Mundika, kwa mzee Okwara, nikitoka kwetu Chakol. Mume wangu Joash alikuwa Mombasa, kazi ya ghala, na Krismasi mbili zilipita bila yeye kuonekana. Mama mkwe wangu, Nerima, alipooza upande mmoja, na ulimi ukaenda pamoja na mkono. Bridgit wangu alikuwa bado ananyonya wakati huo. Sasa alikuwa shule ya nasari, na bado ni mimi niliyemwosha nyanya yake, nikamlisha, nikamgeuza. Mabinti zake walikuwa wameolewa mbali, wakija wanakuja na mkate. Mkate ni kitu kizuri, lakini haugeuzi mtu kitandani.

Nilitaka jambo moja tu: mume wangu asikie kwamba nimeshindwa, aje au anichukue. Nilimwandikia barua, akajibu nivumilie. Kwa barua mtu hasikii sauti yako ikitetemeka. Na simu ya boma ilikuwa moja, sebuleni kwa mzee. Alikuwa karani wa kupitisha mizigo mpakani miaka mingi, na simu ile ndiyo fahari aliyobaki nayo. Joash alipiga Jumapili baada ya kanisa. Mzee anashika, wanasalimiana, kisha ananiita. Kwetu mkwe na baba mkwe hawakai chumba kimoja, kwa hiyo mimi nikiingia yeye anatoka. Lakini alitoka mpaka verandani tu, na dirisha li wazi. Basi nilisema mama hajambo, mvua imenyesha, mahindi yanaendelea. Mwaka mzima mume wangu alipata habari za mahindi.

Ndipo Joash akatuma simu ya pili kwa basi, iwekwe nyumbani kwangu, ng'ambo ya uwanja, nisiwe nakimbia na mikono ya sabuni. Mzee hakukataa. Akaja fundi kutoka Busia mjini, kijana aitwaye Quinton, akavuta waya kutoka sebuleni kwa mzee, akaupitisha juu ya mpera hadi chumbani kwangu.

"Hii ni laini moja," Quinton akatuambia. "Ikilia huku, inalia na kule. Mmoja akishaanza kuongea, mwingine anaweka. Hakuna maneno."

"Anaweka?" mzee akauliza kutoka verandani.

"Anaweka, mzee."

Mimi sikujali. Nilikuwa naitazama simu yangu.

Jumapili ya kwanza nilishindwa kuanza, nikaongea tena habari za mahindi. Ya pili vilevile. Mdomo nao huzoea. Ya tatu mzee aliposhika na kuniita, "Mama Bridgit, simu!", nilifunga mlango, nikakaa kitandani, nikaiweka mapajani.

"Joash, leo sina habari za mahindi."

"Kuna nini?"

"Nimechoka. Si kuchoka ya kulala nipone. Mgongo wangu umeisha. Mama yako nampenda, lakini nimechoka kumpenda peke yangu. Kuja, ama nichukue. Ukinyamaza, mimi narudi Chakol na mtoto."

Mtu akakohoa ndani ya simu. Kilikuwa kikohozi cha tumbaku, na Joash havuti.

"Baba?" Joash akaita.

Nikaweka simu.

Nilikasirika mpaka nikasahau kuona haya. Mzee mzima, mwenye mvi, kunyemelea maneno ya mkwe wake! Haya ilinijia baadaye nikiteka maji. Mkwe akisikiwa na baba mkwe kwamba amechoka na boma lake, kilichobaki ni kufungasha. Usiku huo nilikunja nguo za Bridgit, nikaziweka juu ya sanduku.

Asubuhi nilikwenda na beseni kama kawaida, kwa sababu mgonjwa hajui watu wamekosana. Mzee alitoka, lakini akasimama mlangoni, ametupa mgongo, akaanza kusema na mkewe. Hivyo ndivyo wanavyosemezana wasioruhusiwa kusemezana: neno linapitishwa kwa mwingine. Yule mwingine hakuwa na ulimi, lakini haidhuru.

"Mama Joash," alisema, "mimi sikuwa nasikiliza maneno ya watu. Nilikuwa nashikilia tu. Miaka yote hii kitu nikiiweka, inakata. Nikafikiri nikiweka, huyu mtoto atakatiwa akiongea na bwana yake. Nilikuwa nimeishika hapa kwa kifua, kila Jumapili, mpaka mkono inakufa ganzi."

Akaondoka. Niliendelea kukamua kitambaa. Hasira ilinitoka, nikabaki na uchovu wangu uleule, na juu yake huruma, ambayo nayo ni mzigo.

Wiki hiyo mzee akamwita tena Quinton, akamwambia aiondoe ile simu ya sebuleni.

"Sasa wewe utaongea wapi, mzee?"

"Kwa kijana yangu."

Quinton alimtazama. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hilo hata fundi alilijua.

Jumapili simu ikalia kwangu peke yangu. "Nipe baba," Joash akasema, sauti ndogo. Nikafungua dirisha. Mzee alikuwa ameshafika, amesimama juani katikati ya maboga yangu, kofia mkononi. Nikauweka mkono wa simu kwenye kizingiti cha dirisha, nikatokea mlango wa nyuma. Nilisimama jikoni, na hapo ndipo nilipojua ya kwamba mzee naye, siku zile akitoka verandani, alikuwa karibu sana. Unasikia hata usipotaka.

"Joash. Huyu mtoto wa watu amechoka. Mimi nilikuwa naona, nikanyamaza, kwa sababu hiyo kunyamaza ilikuwa inanisaidia. Mtumie nauli, akuje huko na Bridgit. Usiniulize nani atabaki na mama yako. Ni bibi yangu."

Hapo akamaliza. Nilirudi ndani polepole. Mzee alikuwa ameulaza mkono wa simu kizingitini, mbali na mahali pake, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Haijakatika," aliyaambia maboga, akaenda zake.

Niliuweka sikioni. Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja, akachukua beseni ukutani, akamimina maji ya moto, akaongeza ya baridi, akakunja mkono wa shati na kuyajaribu kwa kiwiko. Mimi ndivyo nifanyavyo kila asubuhi. Sijui aliniona lini.

"Halo?" Joash akasema. "Baba ameenda?"

"Ameenda kumwosha mama yako," nikasema, nikaanza kulia, na Joash akangoja.