Si Ugonjwa Ule

Nesta Simkonda, fundi cherehani wa mji mdogo wa Mpemba, alizaliwa na mwili usiotengeneza kinga ya kutosha. Tangu utotoni homa ya mapafu ilimrudia kila masika, mpaka daktari mmoja wa Mbeya alipogundua tatizo na kumwanzishia dripu ya kila mwezi, yenye kinga itokanayo na damu ya watu wengine. Kwa miezi minane hakuugua hata mafua.

Mwezi wa tisa wa dripu, bima yake ya afya ilikataa kulipia. Nesta akafunga safari hadi ofisini kwao.

"Dada, hapa pameandikwa upungufu wa kinga," karani alisema, akishusha sauti. "Dawa za huo hutolewa bure. Ungeenda tu kliniki."

"Nimepima mara tano, sina virusi," Nesta alimjibu bila kushusha sauti yake. Watu waliokaa kwenye benchi waligeuka. Mnong'ono wa namna hiyo ndio uliomvunjia uchumba kule Msangano. "Mimi nimezaliwa hivi, kama mtu anavyozaliwa na tundu kwenye moyo. Mpigie daktari wangu, namba yake iko kwenye fomu."

Karani alisita, kisha akapiga. Alisikiliza kwa muda mrefu huku akiandika.

"Samahani, dada," alisema mwishowe. "Sikujua kwamba kuna wa kuzaliwa nao."

Kibali kilitoka baada ya siku nne, tena cha miezi mitatu tu. Nesta aliwaambia wateja wake kwamba Alhamisi hatashona, atakuwa Mbeya kwenye dripu.