Liseuse Yenye Taa

Kaka yangu Zakaria alipotuletea kutoka Brussels liseuse mbili, vile vibao vya kusomea vitabu, mume wangu Mahmoudi alichukua yenye taa bila hata kuuliza. Mimi nikabaki na ya zamani. Haina taa, kurasa unazigeuza kwa vitufe vya pembeni, na giza likiingia unaacha kusoma utake usitake. Lakini betri yake inakaa wiki nzima, na kwa umeme wetu wa Kisangani hilo si jambo la kudharau. Ya Mahmoudi unaigusa kioo kama telefone. Sikuipenda tangu mwanzo. Mtu anayegusagusa kioo peke yake, kuna mtu anamwandikia.

Mahmoudi ni fundi cherehani, na nguo zetu nyingi za harusi hapa mjini hupita mikononi mwake. Siku hizo, baada ya alasiri, akawa anajifungia kwenye atelier yake, chumba cha kushonea. Nikibisha, nasikia kitu kinasukumwa chini ya vitambaa.

“Unafanya nini humo, Papa Madina?” nikamwita kwa jina la binti yetu.

“Niko nasoma. Kitabu iko muzuri sana.”

“Umefika wapi?”

“Karibu na fin, inaisha.”

Sasa, liseuse zote mbili zinatumia akaunti moja ya Zakaria. Nikafungua kitabu hichohicho kwenye yangu, nikaiunganisha na intaneti ya telefone, nayo ikaniuliza kama nataka kwenda pale ile nyingine ilipofika. Ukurasa wa nne. Wa nne! Njia ya mwongo ni fupi, nikajiambia. Kama hasomi, basi anaandika; na anayeandika kwa kujificha anamwandikia mwanamke.

Kwetu mke hamkunji mumewe shati. Anaita wakubwa. Nikampigia Tonton Waziri, mdogo wa marehemu baba mkwe, nikamwambia Mahmoudi ana mwanamke na ushahidi upo. Ijumaa baada ya sala akaja na shangazi wawili wa Mahmoudi. Nikawaweka salon, pale sebuleni, na chai yao, nikaenda atelier kuuchukua huo ushahidi.

Siku hiyo alisahau komeo. Nilimkuta ameinamia kibao, pua karibu iguse kioo. Nikampokonya. Hakukuwa na barua yoyote. Ulikuwa ukurasa wa nne, herufi zimekuzwa mpaka mwisho, maneno matatu yamejaza kioo kizima, na taa imewashwa yote.

“Soma,” nikasema.

Akasoma neno la kwanza. La pili akalikisia, akakosea.

“Tangu lini?”

“Tangu Ramadhani. Uzi na sindano, sioni tena. Docteur anasema hata lunettes, ile miwani, haitasaidia.”

Nikamwambia nani wako salon, na kwa nini. Nilitamani ardhi inimeze. Akanishika mkono.

“Waache waamini. Mwanaume wa wanawake, watu wanamuletea tu kitambaa. Fundi kipofu, nani atamuletea?”

Tukaingia pamoja.

“Bon,” akasema Tonton Waziri. “Iko kweli, Mahmoudi?”

“Iko kweli, tonton.”

“Na ule mwanamuke, jina yake nani?”

Mahmoudi akanigeukia. Hilo hakulifikiria.

“Emilie,” nikajibu mimi. “Anakaa kule Bengamisa.”

Shangazi mmoja akasema yeye alijua zamani. Tonton akaanza kumtukana mume wangu mbele yangu, tena vibaya, nami nikalia, na wote wakaniona nalia kwa sababu ya Emilie.