Nishani ya Koplo Byabato

Wajukuu zangu, sogeeni niwaambie ndoto niliyoota Jumanne, mchana kweupe, nimeshiba ndizi. Siku ile nilikuwa nimevurugika. Asubuhi alikuja afisa wa jeshi, kijana mstaarabu, akaniuliza kama kule vitani nilimwona Koplo Byabato akirudi chini ya risasi kubeba majeruhi. Jeshi linataka kumpa nishani, mjane wake aipokee, na shahidi aliyebaki hai ni mimi tu. Nikamjibu, "Sikumbuki, mwanangu." Wakati majeruhi mwenyewe nilikuwa mimi! Ila wivu ulinishika. Miaka yote hii nachechemea, hata saluti sijapigiwa, halafu aliyefia kulekule vitani ndiye avalishwe nishani?

Basi nikapitiwa na usingizi kitini, nikajiona niko nchi ya udongo mwekundu, migomba haina hata jani, na mbele yangu jitu limevaa magwanda yangu ya zamani. "Mimi Wivu," likasema, "twende kwa Haki ukadai chako." Haki nikamkuta, mama mnene, anatunza stoo ya jeshi, miwani imeteremka puani. Wala hakubisha. Akanibandika nishani kifuani, ikang'aa, nikatanua mabega kama jogoo. Halafu akaanza kuita majina kama kwenye gwaride: mama yenu, wajomba zenu, nyinyi mmoja mmoja.

"Mbona hawaitiki, mama?"

"Wataitikaje, mzee? Mwenye nishani hii hakurudi nyumbani. Ukiitaka, chukua na kaburi lake. Watoto waliopatikana baadaye usiwatafute."

Nikageuka Wivu anitetee. Limeshachanja mbuga! Nikaivuta ile nishani, haing'oki, naita majina yenu mpaka sauti inakauka.

Nikazinduka, jasho chapachapa, nikawasikia mnagombania mpira uani. Nikaelewa. Nyinyi wote Byabato aliwabeba mgongoni siku ile. Wivu bado ninao kidogo, sitawaficha, lakini nilichukua fimbo yangu nikaenda kwa mjane wake, Kokubanza.

"Shemeji, nimemdanganya afisa. Mumeo alinibeba mimi."

Akanivutia kiti. "Alisemaje alipokubeba?"

"Alinitukana, shemeji. Eti mimi mzito kama ng'ombe mwenye mimba."

"Huyo ni yeye!" Akacheka, machozi yanamtiririka, akanipa simu yake nimpigie afisa.