Imebaki Sahihi Tu

Watu husema ahadi ni deni. Kwa baba yangu, fundi cherehani, ahadi ni salamu tu. Ukimletea kitambaa atakwambia njoo Ijumaa, na Ijumaa ukija atakutazama usoni bila kupepesa na kusema, "Imebaki vifungo tu." Nimekulia chini ya meza yake ya kukatia, kwa hiyo maana yake naijua: mkasi hata haujagusa kitambaa.

Sasa vyuo viwili vilikuwa vimenikubali kusoma uhusiano wa kimataifa. Kimoja kiko mwendo wa saa nne kwa basi. Kila wikendi ungerudi nyumbani na nguo zako chafu. Kingine kiko ng'ambo, kwenye baridi, na mwaka wa tatu kinakupeleka nchi nyingine tena. Hicho cha ng'ambo nilikitaka mpaka nikawa nakiota. Lakini nina miaka kumi na saba, na fomu yao ilitaka sahihi ya mzazi, iwafikie, hata kwa picha ya simu, Ijumaa kabla ya saa sita mchana kwa saa za kwetu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Jumapili nilimpa baba fomu hiyo pamoja na vijitabu vya vyuo vyote viwili. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye picha za wahitimu.

"Hiki cha mbali hakina fundi," akasema. "Tazama joho hili, bega limeshuka. Wanafundisha mambo ya dunia nzima, bega moja linawashinda?"

"Baba, siendi kushona."

"Na hiki cha karibu, pindo limenyooka kabisa. Hapa pana watu makini."

Mama alicheka mpaka akaweka chini sahani aliyokuwa anafuta. Mimi sikucheka. Jumanne nilipoulizia fomu, baba akasema haraka haraka haina baraka. Jumatano akanijibu bila kuinua macho, "Imebaki sahihi tu."

Nikajua kalamu hata haijagusa karatasi.

Ijumaa saa nne asubuhi nikaenda dukani kwake, nikakaa kwenye benchi la wateja. Nilimkuta nesi mmoja, mwezi wa pili huo anafuatilia sare yake.

"Wewe amekwambia imebaki nini?" akaninong'oneza.

"Sahihi."

"Pole, mdogo wangu. Basi hajaanza. Dawa yake ni moja tu, usinyanyuke. Ukienda hata kunywa maji, anafunga duka."

Tukakaa. Baba alishona kwa bidii sana, ila sindano haikuwa na uzi. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu akaniita, "Simama nikupime." Akanipima mabega, akanipima mikono, akarudia tena polepole, wala hakuandika popote.

"Baba, saa!"

"Naiona."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" nesi akafoka. Akalifungua kabati mwenyewe kutafuta sare yake.

Alichotoa ni koti. Zito, refu, lenye bitana na kola ya kupandisha mpaka masikioni. Kwa joto la kwetu, ukilivaa utazimia kabla hujafika barabarani. Vifungo vyote sita vilikuwa mahali pake. Kwenye mfuko wa ndani mlikuwa na fomu yangu, imetiwa sahihi na tarehe ya Jumatatu.

"Kumbe unaweza kumaliza kitu kabla ya Ijumaa!" nesi akasema.

Baba akavua miwani. "Nguo ikiisha, mwenyewe anaichukua na kuondoka," akaniambia. "Hili nimelimaliza kwa sababu kule ni baridi. Kukukabidhi ndiko kulikonishinda."

Tangu Jumatano nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Yote yakapotea, nikalia juu ya bitana yake mpya. Nesi, aliyekuwa na akili kuliko sisi sote, akachukua simu yangu, akaipiga picha fomu na kunisimamia mpaka nikaituma. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Nikalivaa koti. Mikono ilinizidi kidogo.

"Nimeacha akiba, bado unakua," baba akasema, akininyoosha kola. "Na wale wa majoho wakikuuliza bega hili limeshonwa wapi, waambie."

Akageukia cherehani.

"Na sare yangu je?" nesi akauliza.

Baba akaanza kutunga uzi kwenye sindano. Nikamjibia mimi.

"Njoo Ijumaa, dada. Imebaki vifungo tu."