Pini Isiyokunjwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri dereva Sarun alikuwa amelala chali chini ya lori, tochi mdomoni, matope ya Kampong Speu, Kambodia, yakimwingia shingoni. Juu yake wanawake sitini na wawili walikuwa wanapanda kwenda kiwandani kushona nguo. Mkewe, Chanthy, alikuwa mmoja wao.

Lori lilikuwa limerudi jana jioni kutoka gereji, kutengenezwa usukani. Fundi alileta pia mfuko wa vyuma vikuukuu, kama ilivyo desturi, ili mwenye lori aone kweli vimebadilishwa. Mwenye lori, diwani Kimsan, aliutikisa, ukalia, akaridhika. Asubuhi hii Sarun aliufungua. Kati ya makorokoro yale akakuta bolti ndefu yenye grisi mpya, na pini ya kuzuia nati isilegee. Pini iliyowahi kufungwa huwa imekunjwa miguu. Hii ilikuwa imenyooka, haijawahi kuingia popote.

Akatambaa nje. Kimsan alikuwa anamsubiri na karatasi na wino mwekundu, atie dole gumba kwamba amelipokea lori zima.

"Bosi, sanduku la usukani lina bolti tatu, si nne. Na nati ya mkono wa tairi nimeizungusha kwa vidole."

"Basi ikaze kwa hivyo vidole."

"Bosi!"

"Umekuwa fundi siku hizi? Vyuma vya zamani nimeletewa. Si huo mfuko?"

"Viwili humu vilitakiwa kurudi ndani! Na pini haiingii mpaka nati ikazwe kwa spana kubwa. Iko gereji. Nipe mpaka wafungue, saa mbili."

"Geti la kiwanda linafungwa saa moja." Kimsan hakupandisha sauti, hakuwa na haja. Akawageukia wanawake. "Dada zangu, dereva wenu anataka mchelewe. Posho ya mahudhurio ikikatwa, msije kulia kwangu. Mdaini yeye."

Zogo likalipuka. "Kaka Sarun, mimi nimebakiza siku mbili tu mwezi uishe!" "Kila siku lori hili bovu, leo ndiyo umeliona?" "Kama unaogopa, mpishe mwanamume!" Wakacheka, midomo imejaa wali.

Damu ilimchemka. Kwani alikuwa anapigania mifupa ya nani? Akamsogelea mkewe. "Shuka, mama watoto. Wewe tu."

"Nishuke niandikwe mtoro?" Chanthy alikaza skafu yake bila kumtazama. "Jioni tutakula hiyo pini?"

"Usipotaka, yupo shemeji yangu," Kimsan akasema. "Leseni hana, ila na maneno hana."

Sarun alimjua shemeji huyo na mwendo wake. Akatia dole gumba.

Kwenye barabara kuu alikwenda mwendo wa kusindikiza maiti. Aliuzungusha usukani, tairi zikakawia, ndipo zikafuata. Malori ya viwanda vingine yakawapita moja baada ya jingine, la mwisho likawapigia honi ya dhihaka. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na mbili.

Ngumi zikaanza kuporomoka juu ya paa la kabini. "Kanyaga! Kanyaga, tunafungiwa!"

Kati ya sauti zile aliitambua ya Chanthy. Ilikuwa kali kuliko zote. Akakanyaga.