Fyuzi Isiyo na Tundu

Zulma Deraedt alikuwa tayari kuacha vitu vyote vya maisha yake isipokuwa kimoja, na kitu hicho kilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto. Shamba alishamwachia mwanawe Lieven. Jumamosi ile alikuwa anahamia mjini Ieper, kwenye chumba na sebule ghorofa ya pili, na kibaraza cha kutosha kiti kimoja na chungu kimoja cha maua. Kabati la mama yake halikuingia. Jiko la makaa halikuingia. Na fyuzi mia tatu na kumi na mbili za marehemu mumewe, Achiel, zisingeingia hata kama angekubali kulala juu yake.

Nasema fyuzi, na asiyezaliwa huku hufikiria umeme. Hizi ni za mizinga: kichwa cha shaba kinachofungwa kwenye ncha ya kombora, chenye pete ya namba inayozungushwa ili kombora lipasuke baada ya sekunde kadhaa likiwa hewani. Vita vya kwanza vya dunia vilipita juu ya mashamba yetu miaka minne, na mpaka leo ukipitisha plau huko Langemark unavuna chuma kabla ya viazi. Mkulima akikuta kombora hapigi kelele. Analibeba mpaka barabarani, analiegemeza chini ya nguzo ya umeme, anarudi kwenye trekta, na gari la jeshi la kutegua mabomu litapita lenyewe kulichukua, kama watu walivyokuwa wakiacha chupa tupu za maziwa mlangoni.

Achiel naye aliyapeleka makombora nguzoni kama kila mtu. Ila fyuzi zilizong'oka zenyewe alizipenda. Alizipeleka kwa fundi mmoja mstaafu wa jeshi kule Poelkapelle, ambaye alizitoa uhai na kutoboa ubavuni tundu dogo, kuwa ushahidi kwamba ndani hamna kitu. Kisha Achiel aliziosha, akazifungia kikaratasi chenye jina la shamba, mwaka, na namba iliyokuwa kwenye pete. Pete yenyewe hakuizungusha hata mara moja. Alisema aliyeipanga alikuwa na haraka, na haraka yake ndiyo hiyo imebaki, kwa hiyo iachwe ilivyo.

Jumatano asubuhi alikuja Firmin Lanssens na tela na maboksi matupu ya ndizi. Firmin alikuwa rafiki wa Achiel tangu shule, mkusanyaji mwenzake, na mfuga njiwa wa mashindano ambaye hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kukutajia njiwa aliyemwangusha. Yeye na wenzake walikuwa wamepewa chumba kwenye shule ya zamani ya kijiji, na fyuzi za Achiel zingewekwa humo. Sharti lilikuwa moja: kila fyuzi iwe na tundu. Basi Firmin akakaa jikoni na njiti ya kiberiti, akawa anaichukua fyuzi, anachomeka njiti tunduni, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaiweka boksini.

Kazi ya saa moja ikala asubuhi nzima, kwa sababu kila kikaratasi kilikuwa na hadithi yake. Hii ilitoka kwenye konde la nyuma, mwaka ule mvua ilionyesha ubaya wake mpaka viazi vikaoza ardhini na Achiel akasema angalau shaba haiozi. Hii waliikuta siku Lieven alipobatizwa, na Achiel akaingia kanisani na matope magotini. Na hii, ya Wajerumani, ndiyo iliyowagombanisha yeye na Firmin kwenye baa: mmoja alisoma namba kumi na saba, mwingine kumi na saba na nusu, wakanuniana Kwaresima nzima. Firmin aliivalia miwani, akaitazama kwa muda.

"Kumi na saba na nusu," akasema. "Mungu anisamehe. Alikuwa sahihi, yule mbishi."

Zulma alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Hakuwahi kufikiria kwamba kuaga chuma kungekuwa kutamu hivi. Aliona kama Achiel yuko uani ananawa mikono na ataingia sasa hivi kuuliza kwa nini mkate umekwisha.

Boksi la mwisho lilipojaa, alikwenda dirishani, akachukua fyuzi iliyokuwa peke yake kwenye kigingi cha mti wa mwaloni, akaiweka mezani. Akamwambia Firmin hii haiendi popote, aitazame tu na wivu umshike. Hii ndiyo ya kwanza. Achiel alimpa mwaka 1961, alipokuja kupanda viazi kwa baba yake Zulma, wakati huo hata hawajashikana mikono. Wasichana wengine waliletewa maua. Yeye aliletewa hii, imefungwa kwenye leso safi, pete ikiwa imesimama kwenye kumi na moja. Ndiyo pekee atakayoondoka nayo, na tayari alishachagua dirisha la kuiweka kule Ieper.

Firmin aliipokea, na kwa mazoea ya asubuhi nzima akaitafutia tundu kwa njiti. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akairudisha mezani taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesumbua kulala.

"Shemeji, hii haina tundu."

"Tazama vizuri. Macho yako yamezoea njiwa."

"Nimetazama. Haikupita kwa fundi, hii. Mwaka sitini na moja Achiel alikuwa hamjui yule fundi. Alikuwa hajui lolote, alikuwa kijana na wewe ndiye uliyekuwa kichwani mwake."

Zulma akasema haiwezekani. Achiel, ambaye aliwahi kutoka katikati ya misa kwenda kuangalia kama amefunga geti la ng'ombe? Achiel asahau hii, iliyokuwa jikoni mwake kila siku ya Mungu? Firmin akainua mabega. Halafu akainuka, akachukua boksi la mwisho, na akiwa mlangoni akasema bila kumtazama:

"Mimi sikuona kitu. Ifunge kwenye sweta zako uende nayo. Miaka yote hii haijakohoa hata mara moja."

Alimpenda Firmin kwa maneno yale, na akaona aibu jinsi alivyofurahi. Alimsindikiza kwa macho mpaka tela likapinda kwenye miti ya poplari, akarudi ndani, akairudisha fyuzi kwenye kigingi chake na kuketi kuitazama. Ilikuwa yake. Mengine yote alishayatoa bila kinyongo. Hili moja lilikuwa na haki ya kubaki.

Ila akili ikishafunguliwa mlango, hairudi ndani kwa kuitwa. Alianza kukumbuka, na kumbukumbu zile zile zilizomstarehesha asubuhi zikaja safari hii na nyuso nyingine. Kila mwaka, usafi wa Pasaka ulipofika, yeye alisugua shaba zote za nyumba, lakini ile ya dirishani Achiel aliifuta mwenyewe kwa kitambaa kikavu, akishikilia pumzi. Zulma aliona ni mapenzi. Kigingi kile cha mwaloni, kinene kupita kiasi, alikichonga majira mazima ya baridi na kukikaza kwa skrubu nne. Zulma aliona ni heshima. Na mwaka 1978, dada yake alipokuwa anakuja kutoka Gent, Zulma aliitwaa akaanza kuing'arisha kwa nguvu; Achiel aliingia, akamnyang'anya, akamfokea. Ndiyo mara pekee aliyofoka ndani ya nyumba ile. Alisema namba ingehama. Zulma alilia, akaona ajabu mtu kumgombeza mkewe kwa ajili ya namba.

Kumbe hakusahau. Alijua, na aliishi nayo.

Hasira zilimpanda, tena hasira za kweli, za kumkaripia mtu aliyekwisha kuzikwa. Watoto watatu walijifunzia kutembea kwenye jiko hili. Kwa nini hakusema? Kwa nini hakuichukua siku moja yeye akiwa sokoni, akaipeleka nguzoni kama nyingine, au kwa fundi? Na hapo ndipo lilipomjia jibu, na lilikuwa sauti yake mwenyewe. Siku ile ya viazi, akiwa na leso mkononi na moyo ukimwenda mbio, alimwambia Achiel kwa kujivuna kwa kisichana: siku ukiichukua hii kwangu, nitajua umenichoka. Na akamwapisha. Kisha baada ya miaka, Achiel alipomuuliza kwa mzaha kama angempa ile fyuzi kwa mkufu wa dhahabu, Zulma alimkumbusha kiapo na kumnunia siku tatu. Mkufu aliununua hata hivyo. Fyuzi hakuitaja tena mpaka alipokufa.

Zulma alikuwa na umri wa miaka sabini na moja na hakuwahi kujiona mjinga kama alasiri ile.

Alihamisha godoro akalala chumba cha mbele. Kulipokucha alipiga simu kwa wanajeshi, wakamwambia asiiguse, wangekuja kuichukua ndani. Lakini mkulima wa kwetu hawezi kumngoja mwanajeshi aingie jikoni mwake kwa kitu cha ukubwa ule. Ana nguzo yake. Kosa hilo sisi sote tungelifanya. Alifungua skrubu nne, akakibeba kigingi na fyuzi yake kwenye kapu la viazi lililojaa majani makavu, akatembea hatua mia moja na themanini kwenda barabarani kwa mwendo wa bibi harusi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna anayelifanya. Alirudi kuchukua kiti, akakaa. Kitu cha nguzoni hakilindwi; unakiacha na kusahau. Lieven alipita na trekta, akasimama, akamuuliza kama anaumwa. Akamjibu anaota jua. Jua halikuwepo, lakini Lieven anamjua mama yake, akaenda zake. Zulma akabaki na kapu lake, ukungu ukipanda kutoka kwenye matuta, akimsimulia Achiel moyoni mambo ya chumba cha Ieper, jinsi lifti inavyonukia sabuni.

Gari lilifika karibu na saa sita. Alishuka sajini mmoja wa kike, kijana, mashavu mekundu kwa baridi, akamgombeza kidogo kwa kuibeba mwenyewe. Akamsogeza mbali na kiti chake, akachuchumaa, akaitazama kila upande kabla ya kuigusa.

"Ina kila kitu ndani, bibi," akasema. "Ilikuwa wapi?"

"Jikoni. Dirishani."

"Kwa muda gani?"

"Miaka arobaini na minane."

Sajini alimtazama, akafungua daftari lake. Alimwambia kuna maswali anayolazimika kuyaandika: ilikuwa kwenye urefu gani, palikuwa na moto karibu, nani alikuwa akikaa jirani nayo.

"Urefu wa kifua. Jiko lilikuwa upande wa pili," alisema Zulma. "Jirani yake alikaa mume wangu. Kiti chake kilikuwa pale, mgongo dirishani. Sisi wengine, mimi na watoto, tulikaa upande wa jiko. Kila baridi nilimwambia asogee kwetu, maana lile dirisha lilipitisha upepo na yeye alikuwa na kifua kibovu. Hakusogea. Nilibadilisha viti mara moja, akavirudisha. Alisema pale ndipo anapotuona wote…"

Sajini alingoja na kalamu yake, kisha akaishusha.

"Alikuwa mtu wa umbo gani, mume wako?"

"Mpana," alisema Zulma. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Mpana kama mlango. Ukikaa mbele yake hulioni dirisha."

Yule kijana alimwacha alie. Halafu akamweleza kwa upole kwamba ikiondoka hairudi, kwamba hawawezi kuitoboa na kumrejeshea, hata kigingi watakwenda nacho, na kama anataka kuiaga kwanza, yeye ana muda.

"Ichukueni, mwanangu," alisema Zulma. "Mwenyewe alitaka iondoke tangu zamani. Mimi ndiye niliyemkatalia."